Risasi za shotgani zilizosahauliwa kabatini

MAHINDI yanapokaribia kukomaa, mkulima wa pembezoni mwa msitu huanza kulala kwa zamu na wanawe. Usiku huja nguruwe pori, mchana nyani na ngedere, na shamba la ekari mbili lililomeza fedha za mbegu, mbolea na vibarua linaweza kubaki mabua matupu ndani ya siku chache.

Wakati kama huo ndipo familia nyingine hukumbuka bunduki ya mzee. Inashushwa kutoka juu ya kabati ikiwa imeviringishwa kwenye kanga kuukuu, na pamoja nayo hutoka kasha dogo la karatasi ngumu, kona zake zimeliwa na mende. Ndani mna risasi kumi au kumi na tano zilizobaki. Baadhi ni nyekundu, baadhi ni za kijani, na nyingine zimepauka hadi rangi haitambuliki. Hakuna anayekumbuka zilinunuliwa lini.

Hapo huzuka maswali mawili. La kwanza ni la mfukoni: kwa nini kununua risasi mpya, kwa gharama ya kibali na nauli ya mjini, wakati hizi zipo? La pili ni kama risasi hizo bado zinafaa, na hilo wengi huliruka.

Ukweli ni kwamba risasi kuukuu, hata ya miaka 50 au zaidi, mara nyingi hulipuka vizuri tu ikiwa ilikaa mahali pakavu. Hilo ndilo linalowaponza watu. Risasi iliyokufa kabisa huwa haimuumizi mtu. Inayoumiza ni ile inayolipuka nusunusu, au inayolipuka sawasawa ndani ya bunduki ambayo si yake.

Gobore lililofungashwa

Shotgani, au bunduki ya marisau kama inavyoitwa katika kamusi, haitoi kipande kimoja kama bunduki ya kivita. Hutawanya gololi ndogondogo kwa pamoja, na gololi hizo ndizo marisau. Masafa yake ni mafupi na haihitaji shabaha ya askari, ndiyo maana imekuwa bunduki ya wakulima duniani kote.

Risasi yake moja ina vitu sita. Kuna ganda la karatasi au plastiki, tako la madini ya njano, fataki iliyokaa katikati ya tako, baruti, kizibo, na mwisho gololi zenyewe. Mtu aliyewahi kumwona mzee akishindilia gobore ataviona vitu vilevile: baruti kwanza, kizibo juu yake, gololi, halafu fataki nje. Risasi ya shotgani ni gobore lililofungashwa kiwandani.

Namba 12 inayoandikwa kwenye risasi nyingi haihesabu milimita wala nguvu. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454 hivi, uigawe katika vidonge 12 vya mviringo vinavyolingana. Upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu: milimita 18.5. Ukigawa ratili hiyohiyo katika vidonge 20, kila kimoja kitakuwa chembamba zaidi, milimita 15.6. Kwa hiyo namba 20 ni ndogo kuliko namba 12, jambo linalowachanganya wengi na ambalo, kama itakavyoonekana, limekata vidole vya watu.

Gobore lenyewe lilidumu Afrika Mashariki kwa sababu ya siasa kuliko umaskini. Katika karne ya 19 bunduki zilipita Unguja kwa maelfu zikielekea bara pamoja na nguo na shanga. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mlango mdogo uliachwa kwa bunduki za kizamani za gumegume na baruti ya kawaida, chini ya masharti. Shotgani za kupakia nyuma kwa risasi za kiwandani zikawa, kwa miaka mingi, mali ya mlowezi, ofisa wa serikali na watu wachache waliopewa kibali.

Huko Ulaya risasi hiyo ilikuwa imeshafika mbali. Mchungaji Alexander Forsyth wa Scotland alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa mwaka 1807, na humo ndimo fataki ilimozaliwa. Katika miaka ya 1830 fundi Casimir Lefaucheux wa Paris akaunda bunduki iliyovunjika katikati na kupokea risasi yenye ganda la karatasi na tako la madini, ikiwa na pini ndogo iliyochomoza ubavuni. Pini hiyo ilikuwa balaa ukiidondosha. Mwaka 1855 Mfaransa mwingine, Clement Pottet, akaweka fataki katikati ya tako, na mwaka 1861 George Daw akaingiza mtindo huo Uingereza. Umbo hilo halijabadilika sana hadi leo, na ndiyo maana risasi ya babu huingia kwenye bunduki ya mjukuu bila kugoma.

Baruti ilibadilika zaidi kuliko umbo. Ile nyeusi ya zamani ni mchanganyiko wa shura, salfa na makaa, na hutoa moshi mzito. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi, na kabla yake Mjerumani Johann Schultze alikuwa amekwisha kutengeneza ya aina yake kutokana na mbao kwa ajili ya shotgani. Baruti hizi mpya zina nguvu kubwa kwa uzito uleule. Kijiko cha nyeusi na kijiko cha isiyo na moshi si kitu kimoja hata kidogo.

Hapa pana jambo linalopaswa kusemwa wazi. Wapo wanaokata risasi kuukuu za shotgani ili kuchukua baruti na gololi za kupakia kwenye gobore. Gobore la kijijini mara nyingi mtutu wake ni bomba lililochongwa na mhunzi, na hata likistahimili baruti nyeusi, halikujengwa kwa baruti ya kisasa. Mwenye kufanya hivyo anapakia bomu, kisha analiweka shavuni.

Kusoma tako

Kabla ya jambo lolote, risasi ya zamani inaweza kusomwa kama noti. Kasha zima kwa kawaida huwa na risasi 25. Kwenye tako huwa pamechongwa jina la kampuni na namba ya mtutu.

Katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza si ajabu kukutana na majina Eley na Kynoch. Eley ilianza London mwaka 1828 na Kynoch ilianza Birmingham mwaka 1862. Mwaka 1918 kampuni hizo ziliingia katika muungano mmoja, na mwaka 1926 muungano huo ukawa sehemu ya kampuni kubwa ya kemikali ya ICI. Kwa hiyo risasi yenye herufi ICI kwenye tako haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1926.

Ganda nalo husema. Plastiki iliingia sokoni kwa kishindo mwaka 1960 kupitia kampuni ya Remington ya Marekani, na ndani ya miaka michache karatasi ikaanza kuondoka. Ganda la karatasi kwa kawaida lina zaidi ya nusu karne, ingawa zipo kampuni zilizoendelea kutengeneza ya karatasi kwa walenga shabaha, hivyo karatasi peke yake si ushahidi kamili. Tazama pia mdomo wa risasi. Kama umekunjwa ndani kwa mviringo na kufunikwa kwa kipande cha kadi chenye maandishi ya ukubwa wa gololi, huo ni mtindo wa zamani. Mikunjo inayokutana katikati kama nyota ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili.

Umri una maana kwa sababu ya fataki pia. Fataki za zamani zilitumia zebaki na aina ya chumvi ambayo, baada ya mlipuko, huacha ndani ya mtutu mabaki yanayovuta unyevu kama chumvi ya mezani inavyovuta masika. Mtutu uliopigwa risasi hizo jioni na kusimamishwa kwenye kona bila kuoshwa huanza kutu upesi. Mafuta hayaondoi chumvi. Wazee waliokuwa wakimimina maji ya moto ndani ya mtutu, kisha kuukausha na ndipo kuupaka mafuta, walijua walichokuwa wakifanya. Remington ilitoa fataki zisizoleta kutu mwaka 1927, na watengenezaji wengine wakafuata taratibu.

Milimita tano zinazopasua mtutu

Makosa yenye madhara makubwa zaidi hutokana na urefu. Risasi nyingi za Uingereza za zamani zilikuwa za inchi mbili na nusu, yaani milimita 65. Za siku hizi zilizo za kawaida ni milimita 70, na zipo za milimita 76 zenye nguvu zaidi. Bunduki nayo ina chemba, yaani tundu linalopokea risasi, iliyochongwa kwa urefu maalumu.

Kinachowapoteza watu ni kwamba urefu wa risasi hupimwa ikiwa imeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, hivyo risasi ya milimita 70 huingia bila taabu katika chemba ya milimita 65 na bunduki hufungika vizuri. Mtu huona inafaa. Ikifyatuliwa, mdomo hufunguka na kukosa nafasi, ukaziba njia ya gololi mahali ambapo mtutu unaanza kubana. Msukumo wa gesi hupanda ghafla.

Msukumo huo si wa kuchezea. Mwenye kujaza upepo matairi anajua kipimo cha psi: gari dogo hutumia 30 hivi. Kiwango cha juu kinachokubalika Marekani kwa risasi ya kawaida ya namba 12 ni psi 11,500. Mkono wa kushoto wa mpigaji umeshika mtutu sentimeta chache tu mbele ya mahali hapo.

Hivyo basi, kwa bunduki kuukuu hatari kubwa huweza kuletwa na risasi mpya kuliko na ile ya zamani. Shotgani ya Uingereza iliyopimwa kwa baruti isiyo na moshi mara nyingi hubeba maneno NITRO PROOF yaliyochongwa chini ya mitutu, na baadhi huandikwa pia urefu wa chemba. Nyumba ya majaribio ya Birmingham imekuwa ikipiga mihuri ya majaribio kwenye mitutu tangu mwaka 1813. Bunduki isiyo na muhuri huo, au ambayo mitutu yake ina michoro ya mawimbi kama ngozi ya nyoka, isifyatuliwe kabla fundi hajaiona. Michoro hiyo ni ya mitutu ya Dameski, iliyosukwa kwa vipande vya chuma na kupigwa nyundo vikashikana. Ni kazi nzuri sana ya mikono, lakini kutu inaweza kuwa imejificha kwenye maungio kwa miaka 100 bila kuonekana.

Pia risasi za leo zenye gololi za chuma badala ya madini ya risasi zinaweza kukwaruza na kuvimbisha mitutu ya zamani.

Mlio mdogo

Risasi za zamani zenyewe hutoa hatari ya namna nyingine. Karatasi ikinyonya unyevu huvimba, na baruti ikipoteza nguvu huungua kwa uvivu. Matokeo yake ni mlio mdogo, kama mtu aliyepiga makofi ndani ya pipa, na gololi zikadondoka karibu. Nguruwe pori anasimama palepale anatazama. Mpigaji mwenye hasira anafungua bunduki haraka, anapachika nyingine na kufyatua.

Kizibo cha risasi ya kwanza kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu. Ya pili inapokikuta, mtutu huvimba au kupasuka. Kwa sababu hiyo, mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, hata kama ni kwa shaka tu, bunduki ifunguliwe, risasi zote zitolewe, na mtutu utazamwe kutoka nyuma hadi mwanga uonekane upande wa pili. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Kuna nyingine inayobofywa na kunyamaza. Fataki za zamani huweza kuchelewa, zikawaka baada ya sekunde kadhaa. Mdomo wa bunduki ubaki umeelekezwa mahali salama kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufunguliwa, na mtu asichungulie mbele kuona kulikoni.

Halafu iko ile ya namba 20. Kwa kuwa ni nyembamba, ikiwekwa kwa makosa ndani ya bunduki ya namba 12 huteleza ikapita chemba na kukwama mbele kidogo, isionekane. Mtu hudhani hajapakia, anaweka ya namba 12 nyuma yake, anafyatua. Ajali za aina hii zimetokea katika nchi nyingi, na ndizo zilizofanya watengenezaji waanze kupaka risasi za namba 20 rangi ya njano. Lakini utaratibu huo ulianza kushika katika miaka ya 1960, na risasi za kabla ya hapo zinaweza kuwa za rangi yoyote. Kasha la urithi lenye mchanganyiko wa rangi na majina ni kasha la kusomwa tako kwa tako.

Zipo risasi zisizohitaji kufikiriwa mara mbili: zenye kutu ya kijani kwenye tako, zilizovimba, zenye ufa kwenye madini, zinazomwaga gololi mdomoni, na zenye harufu kali ya asidi. Harufu hiyo ina maana kwamba baruti imeanza kuoza.

Mkulima ana adui mwingine wa risasi ambaye mwindaji wa mjini hamjui. Ni mbolea. Jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuliwa na maganda ya risasi yaliyokuwa yakipasuka yenyewe baada ya kuhifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, hasa msimu wa mvua. Mwaka 1921 wanasayansi walieleza chanzo: hewa ya amonia kutoka kwenye mikojo ya wanyama ilikuwa ikidhoofisha madini ya njano. Stoo yenye urea iliyoloa, samadi ya kuku au ukuta unaopakana na zizi la ng'ombe ina hewa ileile. Paa la bati lisilo na dari nalo huoka risasi kila mchana. Mahali pa risasi ni penye ubaridi na ukavu, pamefungwa kwa kufuli, mbali na bunduki yenyewe na mbali na watoto, ambao kwao kitako kinachong'aa ni kitu cha kugonga kwa msumari.

Kwenye mizani ya vyuma chakavu

Kwa wafanyabiashara wadogo, jambo hili huja kwa njia nyingine. Madini ya njano yana bei nzuri kwenye chuma chakavu, na watoto huokota maganda na kuyapeleka kwa kilo. Katika gunia moja ganda tupu na risasi nzima vinaweza kukaa pamoja, na tofauti haionekani hadi gunia limwagwe kwenye kalibu la kuyeyushia.

Risasi iliyotupwa motoni haipigi kama ilivyofyatuliwa kwenye bunduki, kwa kuwa hakuna mtutu wa kuielekeza gololi. Ganda hupasuka na vipande vya madini na fataki huruka. Vinatosha kutoboa jicho la anayechochea mkaa. Ni sababu hiyohiyo inayofanya iwe kosa kuzitupa risasi kwenye moto wa kusafisha shamba au jalala.

Mnunuzi wa chuma chakavu anayekutana na risasi ambazo hazijafyatuliwa ana tatizo la pili: kuwa nazo bila kibali ni kosa, hata kama hana bunduki, na hata kama alizinunua kama takataka. Azitenge, asizisafirishe na mzigo, na aite polisi.

Wapo pia waliosikia kwamba wazungu hununua risasi za zamani kwa bei kubwa. Ni kweli kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya makasha na risasi za kale, na kasha safi la karne iliyopita lenye picha na maandishi kamili linaweza kugombewa mnadani. Wanachokitafuta hasa ni karatasi na uchapaji wake, na kasha lililoliwa na mende haliko katika hesabu hiyo. Kusafirisha risasi zenyewe kunahitaji vibali vya nchi mbili. Anayekuja na mkoba kijijini akitaka kununua risasi kimyakimya hakuja kwa ajili ya makumbusho.

Kibali hakirithiwi

Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kenya inatumia Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika nchi zote mbili kibali ni cha mtu aliyeandikwa. Mzee akifariki, mtoto harithi kibali pamoja na shamba, na kasha la kabatini linahesabika kama risasi zisizo na mwenyewe wa halali.

Kwa familia nyingi hofu ndiyo huwafanya wanyamaze. Wanadhani wakienda kituoni watawekwa ndani. Serikali ya Tanzania imewahi kutangaza vipindi vya msamaha ili kuondoa hofu hiyo, kwa mfano kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2023, ambapo mwenye silaha au risasi asizozimiliki kihalali aliruhusiwa kuzisalimisha bila kushitakiwa. Nje ya vipindi hivyo, msimamizi wa mirathi anayekwenda mwenyewe kituoni kutoa taarifa yumo katika hali tofauti kabisa na yule anayekutwa nazo kwenye msako.

Kuhusu namna ya kuzifikisha, risasi zenye dalili za kuoza zisibebwe kwenye daladala wala bodaboda. Itolewe taarifa kwanza, kwa mtendaji au kituoni, na polisi waamue watazichukuaje. Kuzifukia si njia, kwa kuwa jembe la msimu ujao litazifukua. Kuzitumbukiza chooni au kuziloweka kwenye maji au mafuta ya taa hakuna uhakika wa kuziua, hasa za plastiki ambazo zimezibwa vizuri.

Kwa mwenye kibali halali na bunduki ya zamani, hesabu ni ndogo. Fundi bunduki aliyesajiliwa atapima urefu wa chemba, ataangalia mihuri na unene wa mitutu, na atamwandikia kwenye karatasi ni risasi gani inunuliwe. Karatasi hiyo ikae pamoja na kibali, kwa sababu muuzaji dukani hawezi kujua bunduki iliyobaki nyumbani ni ya milimita 65 au 70. Kuhusu nguruwe wenyewe, kuwapiga kunahitaji pia kuwasiliana na ofisi ya wanyamapori ya wilaya, ambayo inaweza kutuma askari wake shambani na bunduki yao na risasi zao.